Nguo ya Dirham Tano: Mabibi Harusi wa Kwetu Walipambwaje?



Binti mmoja kaniandikia, harusi yake bado wiki sita. "Anti, mama anataka nipambwe kiasili, mimi nataka harusi inayofanana na mimi. Leo siku ya tatu tumenuniana. Hiyo asili yenyewe ni ipi?" Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kufungua kasha la marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambalo kwetu halifunguliwi ila pawe na shughuli.

Ndani mna kisutu kilichopauka kwenye mikunjo, chetezo cha udongo chenye masizi, mrashi wa shaba na sahani tatu za kauri zenye maua ya buluu. Nikazigeuza. Mbili zina nukta ya rangi nyekundu mgongoni. Ya tatu ina mistari miwili ya kijani. Mwanamke yeyote aliyewahi kutoa vyombo vyake viende kwenye harusi ya jirani anajua maana yake: kila nyumba ilikuwa na alama yake, ili shughuli ikimalizika kila chombo kijue kwao. Nukta nyekundu ni ya bibi. Mistari ya kijani si yetu. Sahani ile iliazimwa, na haikurudi kwa mwenyewe.

Basi nianzie hapo hapo, kwenye sahani.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anapoeleza vyumba vya watu wenye uwezo wa zama zake, kinachonikaa mimi akilini ni kuta. Kuta nene, zimegawiwa vishubaka kwenda juu hadi karibu na dari, vina mbao za kuwekea vitu, na juu ya mbao hizo bilauri na kauri zimepangwa kwa mizani, hiki kikiitikia kile. Vioo vikubwa vya kujitazamia viliagizwa Ulaya. Saa nazo zilipendwa mno. Anasema pia kuwa watu hawakuona bei kuwa kitu wakipata bilauri nzuri au sahani iliyochorwa vyema. (Mawifi zangu wako hivyo hadi leo.)

Wala hii haikuwa fahari ya watoto wa masultani peke yao, wala ya Unguja tu. Kule Lamu, nyumba za mawe za karne ya 18 zina zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, katika kile chumba cha mwisho kinachoitwa ndani, ambacho ndicho cha mwanamke. Tajiri wa Lamu alikuwa akimjengea binti yake nyumba, na shughuli za harusi yake zikifanyika humo. Ukitazama ukuta wa maua unaowekwa leo nyuma ya kiti cha bibi harusi utaona tumerudi kule kule, ila ule wa chokaa haukubomolewa usiku ule ule.

Sasa tazama kilichokuwa juu ya zidaka hizo. Kauri imetoka China. Vioo vimetoka Ulaya. Asumini yenyewe, ambayo hatuwezi kufikiria harusi bila yake, asili yake ni Asia. Mama wa yule binti akisema "kiasili" anafikiria vitu ambavyo karibu vyote viliwahi kushushwa bandarini vikiwa vigeni, na yupo bibi harusi aliyekuwa wa mwanzo kuvitaka, na bila shaka yupo mama aliyemwambia si vyetu hivyo.

Kisutu ni mfano mzuri kuliko yote. Kabla yake wanawake wengi wa mwambao walivaa merikani, pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka mji wa Salem, au kaniki, nguo ya rangi ya buluu nzito karibu na weusi. Hizo ndizo zilikuwa nguo za watumwa. Kanga ilipoingia katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ilianza kwa wanawake kununua leso za rangi zikiwa jora zima, wakazikata na kuziunga sita sita zikawa nguo moja. Yaani ni wao waliobuni, na wenye maduka wakawafuata. Baadaye zikachapwa zikiwa tayari, India na Uingereza na Uholanzi, ili ziuzwe kwetu.

Mwaka 1897 amri ya kufuta utumwa ilitolewa Zanzibar, ingawa masuria waliachwa nje yake mpaka mwaka 1909. Wanawake walioachwa huru walihamia kwa wingi Ng'ambo, na moja katika mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kuitupa kaniki na kununua kanga. Hebu fikiri. Mwanamke ambaye jana alivaa alichopewa, leo anasimama dukani anasema hii hapana, ile. Akienda harusini na wenzake katika kikundi cha lelemama, wamevaa sare moja waliyoichagua wenyewe, huwezi kumjua nani alizaliwa muungwana na nani hakuzaliwa hivyo. Kwa hiyo dada anayesema sare za harusi ni mambo ya juzi, na ni kuiga, namuomba aulize tena.

Kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ikabakia kuwa ya bibi harusi. Zilipita kanga elfu na moja, yenyewe ipo. Kuna mabinti wanaoivaa nzima siku ya kusingwa, na kuna niliyemuona kaitandika mezani, na mwengine kaishonea ukingo wa shela. Sioni kosa katika lolote kati ya hayo.

Lakini pambo lililokuwa la mtu mwenyewe khasa halikuonekana kwa macho. Lilikuwa harufu. Somo wa bibi harusi alimtengenezea singo kwa asumini, langilangi, mawaridi, mpompia, mpachori na liwa, na kila somo ana kipimo chake ambacho hampi mtu hovyo. Mmoja huzidisha waridi, mwengine hutaka liwa itawale. Bibi harusi alisingwa siku kadhaa mpaka ngozi ikashika. Halafu nguo zake zikafukizwa udi, na nywele zikatiwa kikuba. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, hutungwa uzi na watoto wa kike wakiwa wamekaa mkekani, na zinachanua usiku zikiwa tayari kichwani mwa bibi harusi. Ukichelewa kuchuma umeikosa. Ukichuma mapema sana inasinyaa. Bibi yangu hakujua kusoma saa lakini hakuwahi kukosea wakati wa asumini.

Hayo yote yalifanyika nyumbani na mikono ya majirani. Samadari ya kwa shangazi, dhahabu ya mamake mkubwa, sinia na kawa za nyumba saba. Mwenye nacho alitoa, akijua lake litakuja.

Mama yangu aliolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mchele, sukari na nguo Zanzibar ni vya foleni na mgao. Gauni lake jeupe lilikwishavaliwa na mabibi harusi wanne wa mtaa kabla yake. Wa kwanza alilishona. Wa pili aliliongeza lesi mikononi. Wa tatu alikuwa mnene, akaliachia mbavuni, na wa nne akalibana tena. Mama alilitia vifungo vya lulu bandia alivyovikata kwenye blauzi ya mamake. Kila mmoja anasema lile ni gauni lake, na kila mmoja anasema kweli.

Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya themanini mizigo ya Dubai ikamiminika, na video za Kihindi zikaingia majumbani. Kiti cha bibi harusi kikapandishwa juu ya jukwaa, vitambaa vya kung'ara vikatandazwa nyuma yake. Sisi tuliokuwa skuli wakati huo tulikuwa tukichora majukwaa kwenye madaftari ya hesabu.

Kwa hiyo yangu ilipofika nilitaka lile la kwenye daftari. Nitawaambia jambo ambalo mama yangu hajalijua hadi leo. Pesa za mapambo zilipungua, na nilizimalizia kwa mahari yangu. Mahari ambayo Mwenyezi Mungu kaniwekea iwe haki yangu mimi, si ya baba wala ya mume, niliitoa mwenyewe kwa mikono yangu ili ninunue masaa manne ya maua ya plastiki. Saa nne za usiku mpambaji akaanza kulivunja jukwaa, lina kazi kwengine asubuhi. Shangazi zangu walikuwa bado hawajapanda kupiga picha.

Miaka mingi baadaye, darsani, ustadha wetu alitusomea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari ambayo sikuwahi kuisikia. Mtu mmoja aliingia kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akamkuta amevaa kanzu ya kitambaa kizito ya dirham tano. Bibi Aisha akamwambia amtazame mjakazi wake, anayekataa kuivaa nguo ile hata ndani ya nyumba. Naye, zama za Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa na kanzu kama hiyo, na hapakuwa na mwanamke aliyepambwa Madina ila alituma kwake kuiazima.

Darsa liliendelea, mimi nilibakia pale pale. Kanzu moja, mabibi harusi wa mji mzima. Na walima wa Bibi Safiyya, njiani kutoka Khaybar, zilitandikwa ngozi chini, zikawekwa tende, maziwa makavu na samli, na Waislamu wakala.

Sisemi kumbi ni haramu, msinitilie maneno mdomoni. Nimekwenda kwenye nyingi na nimekula vizuri. Nasema tulikuwa tukiazimana na sasa tunakodi, na kwa sababu ya kukodi, mabinti zetu wote wanakaa kwenye kiti kile kile kwa wiki tofauti.

Yule binti nilimjibu kwa simu, na nikaomba niongee na mamake pia. Kwanza mahari yake asiiguse. Halafu nikamuuliza mama: vitu unavyovitaka wewe, viko kwa nani? Akaanza kutaja majina. Kufika la tano alikuwa anacheka. Binti kachagua atie kisutu ukutani badala ya maua, na zidaka atazifanya kwa mbao nyeupe ambazo kakake atazipigilia, kauri atazipanga mwenyewe. Mikeka ya rangi inakuja kutoka Pemba kwa bibi yake mzaa baba. Taa ndogo ndogo kazing'ang'ania, na mama kakubali taa.

Mimi nimepeleka chetezo, mrashi na sahani mbili za nukta nyekundu. Ile ya tatu nimeibakisha. Ikiwa yupo msomaji ambaye bibi yake alikuwa akitia vyombo vyake alama ya mistari miwili ya kijani, aniandikie. Ninayo sahani yao.