Samatta: Njia Ilipita Lubumbashi

Wadau, hapa Dodoma kijana akijua mpira anaambiwa apande basi aende Dar. Akisajiliwa Simba au Yanga, basi, kafika! Mbwana Samatta, mtoto wa Dar, Simba alikaa muda mfupi tu. Mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, Lubumbashi.

Wengi tunakumbuka bao lake la Wembley, Machi 1, 2020, Aston Villa dhidi ya Man City. Mimi nasema kazi ilifanyika Kongo. Mwaka 2015 alifunga mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akawa mchezaji bora kati ya wanaocheza barani. Januari 2016 Genk wakamchukua.

Karibu miaka mitano Lubumbashi, mbali na magazeti yetu. Vijana wa Uwanja wa Jamhuri, bado mnaulizia nauli ya Dar tu?