Makao ya Ndovu Yatima ya Reteti
Reteti ni makao ya ndovu yatima katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, Kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya. Yalifunguliwa mwaka 2016 na ni mali ya wenyeji wenyewe, jambo linalostahili heshima kubwa. Baadhi ya ndama huokolewa baada ya kutumbukia katika visima ambavyo wafugaji huchimba kwa mikono kwenye mito mikavu. Wengine hufiwa na mama zao kwa ukame au ujangili. Hulishwa kwa chupa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa Kisamburu, badala ya unga wa maziwa kutoka ng'ambo. Wageni hutazama ulishaji wakiwa kando, maana ndama aliyezoea watu mno hupata taabu kurudi porini. Ndovu wa kwanza walirudishwa mwaka 2019, katika hifadhi ya Sera.