Wasomali na Ndugu Zao wa Ng'ambo ya Bahari



Kaa siku moja kwenye mkahawa wa chai huko Eastleigh, Nairobi, pamoja na wazee wa Kisomali, kisha itaje Saudia, au Kuwait, au Dubai. Hutangoja sana. Mmoja atasema kwamba Mwarabu humjua Msomali anapotaka kondoo wa kuchinja, na humsahau Msomali akishikwa na njaa. Wa pili atamkatiza kwamba nduguye amewasomesha watoto wake wote kwa kazi ya Jidda, basi kwa nini tuwatukane watu waliotulisha? Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa wao, atakunywa chai yake kwanza, kisha atauliza: hivi zaka ya mafuta yote yale huenda wapi?

Maneno haya si ya leo wala jana. Yamekuwa yakisemwa tangu bei ya mafuta ilipopanda mara nne katika mwaka 1973 na mwanzo wa 1974. Mimi naona hayafai kupuuzwa, wala hayafai kupokewa yote kama yalivyo. Lawama baina ya ndugu huwa na historia yake, na historia ya lawama hii ni ndefu kuliko visima vya mafuta.

Kumbuka kwanza kwamba kuna wakati Arabuni ndiko kulikokuwa na njaa. Mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639 wa Miladi, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), mvua ilikatika Hijazi, ardhi ikageuka rangi ya majivu, na kwa hiyo mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Ramada. Mabedui walimiminika Madina wakiwa hawana hata maziwa ya kuwapa watoto. Umar aliwaandikia magavana wake wa Sham na Iraki, na misafara ya ngamia ikaja imebeba unga na mafuta. Yeye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akawa anakula mkate kwa mafuta hata rangi ya mwili wake ikabadilika. Zaka ya wanyama hakuikusanya mwaka ule. Na baadaye, Misri ilipofunguliwa, Amr bin Al-Aas alifukua upya mfereji wa kale uliounganisha Mto Nili na Bahari ya Sham, ili nafaka ya Misri isafirishwe kwa majahazi mpaka bandari ya Al-Jar, na kutoka hapo iende Madina. Sham haikusema imeipa Hijazi sadaka. Ilikuwa ni mali ya Waislamu ikienda kwa Waislamu.

Sasa tuvuke bahari. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona ada moja iliyomstaajabisha. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikwenda kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumwambia kuwa huyu ni mgeni wangu. Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi na kwa sultani, akalishwa wali kwa samli na vitoweo, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Wageni wa namna hii wengi walikuwa wametoka Arabuni na Uajemi. Haikuwa ukarimu mtupu bila ya faida, maana mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake. Lakini mgeni hakulala njaa.

Na Waingereza walipoiteka Aden mwaka 1839, nyama waliyokula askari na watu wa mji ule ilivuka kutoka Berbera. Kwa muda mrefu kazi kubwa ya pwani ya Wasomali, machoni mwa Waingereza, ilikuwa ni kuilisha Aden. Wasomali wenyewe wakaenda huko kuwa makuli, mabaharia na wachuuzi. Basi mzee wa Kisomali akisema kwamba wao na Waarabu wamelishana, hasemi uwongo.

Katika nasaba pia koo kubwa za Wasomali hujinasibisha na masheikh waliotoka Arabuni: Wadaarood kwa Sheikh Ismail Jabarti, Waisaaq kwa Sheikh Ishaq. Wanahistoria wana mashaka yao juu ya nasaba hizo. Hayo tuwaachie wao. Kwetu linalotosha ni kwamba Msomali alijihesabu ndugu kwa dini na kwa damu, na ndugu wa damu akitajirika, mtu hutazamia.

Tarehe 14 Februari 1974 Somalia iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, miezi michache tu baada ya mafuta kupanda bei. Serikali ya Siad Barre wakati ule ilikuwa ikifuata ujamaa wa Kirusi, na mwaka 1972 ilikuwa imechagua kuiandika lugha ya Kisomali kwa herufi za Kilatini badala ya za Kiarabu. Haikuingia kwa ajili ya lugha. Mwaka uliofuata, Januari 1975, serikali hiyo iliwaua masheikh kumi waliopinga sheria mpya ya mirathi na ndoa. Uanachama wake haukuguswa. Na ukame mkubwa wa 1974 na 1975, ule Wasomali wanaouita Dabadheer, ulipowaua wanyama wa wafugaji wa kaskazini, ndege zilizowabeba makumi ya maelfu ya watu kuwapeleka kwenye mashamba na pwani za kusini zilikuwa za Warusi. Misaada ya Kiarabu ilikuja pia, lakini ilipata nguvu zaidi pale Somalia ilipowafukuza Warusi, Novemba 1977, katikati ya vita vya Ogaden. Msomaji mwenye akili ataona mara moja kwamba mizani iliyotumika hapo ilikuwa ya siasa.

Lakini wakati serikali zikipimana, watu wa kawaida walikwisha kupata njia yao. Vijana wa Kisomali walikwenda kwa wingi Saudia na nchi za Ghuba kufanya kazi za udereva, ujenzi, ukarani na bandari, na fedha walizotuma kwa hawala zilijenga nyumba na kufungua maduka Hargeisa, Mogadishu na Burao. Na Saudia ikawa soko kuu la mifugo yao. Kila mwaka karibu na Hija, Berbera hujaa kondoo wanaosafirishwa kwenda kuchinjwa Mina. Nionavyo mimi, hakuna msaada wa Kiarabu uliomfaa mfugaji wa Kisomali kuliko biashara hii, kwa sababu katika biashara yeye si muombaji. Ndiyo maana marufuku iliuma. Mwaka 1983 Saudia ilikataza ng'ombe wa Somalia kwa hofu ya sotoka. Mwaka 2000 ikakataza mifugo yote ya pembe hii ya Afrika kwa ajili ya homa ya Bonde la Ufa, na marufuku hiyo ilikaa mpaka 2009. Tuseme haki: homa hiyo iliua watu Saudia na Yemen mwaka ule ule wa 2000, na mtawala ana wajibu wa kulinda raia wake. Lakini miaka tisa ni mingi. Kujenga mahali pa kuwakagulia wanyama huko Berbera mapema zaidi kungewafaa mfugaji na mnunuzi pia.

Kisha ikaja 1991, dola ya Somalia ikavunjika. Walikimbilia wapi? Wengi walikwenda Ethiopia na Kenya. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka huo, na kufikia 2011 zilikuwa na watu zaidi ya laki nne. Sisi wa pwani tunakumbuka majahazi yaliyoleta Mombasa watu wa Mogadishu na wa Barawa, ambao Chimwiini chao ni Kiswahili kile kile kwa lahaja nyingine. Na ng'ambo ya bahari aliyefungua mlango ni Yemen, maskini kuliko wote katika Bara Arabu. Yemen ndiyo nchi peke yake ya bara hilo iliyoutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kila Msomali aliyefika pwani yake alihesabiwa mkimbizi bila ya kuhojiwa sana. Zaidi ya laki mbili waliandikishwa huko. Wangapi walizama baina ya Bosaso na Aden, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Nchi tajiri za Ghuba ziliwapokea Wasomali kama vibarua wenye vibali tu, na vibali vikiisha waliondoshwa. Katika wiki chache za mwanzo wa 2014 Saudia iliwarejesha Mogadishu zaidi ya 12,000, wakati vita havijakwisha.

Hapo ndipo wazee wa Eastleigh humkumbuka Najashi. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka hawakuhamia kwa Mwarabu mwenzao. Walihamia kwa mfalme Mkristo wa Uhabeshi, naye akakataa kuwatoa kwa fedha za Makureshi. Ni kumbukumbu chungu, na ni ya kweli.

Lakini insafu inatutaka tutaje na upande wa pili. Mwaka 2008, bei za chakula zilipopanda dunia nzima, Saudia ililipa Shirika la Chakula Duniani dola milioni 500 kwa mara moja. Mwaka 2011, katika baa la njaa lililoua Wasomali wapatao 258,000, nchi za Kiislamu zilizokutana Istanbul ziliahidi dola milioni 350. Na Kuwait ilimtoa daktari mmoja, Abdulrahman Al-Sumait, aliyeacha maisha ya raha akatumia umri wake kuchimba visima na kujenga shule na vituo vya mayatima barani Afrika mpaka alipofariki mwaka 2013. Chuo Kikuu kinachoitwa kwa jina lake kiko Zanzibar. Mtu kama huyu akiingizwa katika lawama ya jumla, huo ni udhalimu.

Turudi kwa swali la yule mzee wa tatu. Zaka ya mafuta huenda wapi? Wanavyuoni walio wengi husema mali ya dola haitolewi zaka, kwani haina mmiliki mmoja. Wako wachache wa zama hizi wanaoyahesabu mafuta kuwa ni rikazi, ambayo haki yake ni khumsi, moja kwa tano. Zaka ambayo serikali ya Saudia hukusanya tangu 1951 kutoka kwa wafanyabiashara na makampuni hutumika kwa mafakiri wa Saudia wenyewe. Hilo lina msingi, maana asili ya zaka ni kutolewa ilikokusanywa. Lakini Muadh bin Jabal, alipokuwa Yemen, alimpelekea Umar Madina theluthi ya zaka, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu yote. Umar alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kule hakubaki wa kuipokea. Basi linalotakiwa kuulizwa ni kama huko Ghuba bado wako wa kuipokea kwa kiasi hicho.

Kinachotoka kwenye hazina ya mfalme kwenda Mogadishu ni zawadi ya dola kwa dola, na zawadi ya dola hukatika dola zikigombana. Mwaka 2018 Falme za Kiarabu zilipotofautiana na serikali ya Somalia, hospitali ya Sheikh Zayed ya Mogadishu, iliyokuwa ikitibu watu bure, ilifungwa. Mama aliyekuja asubuhi ile na mtoto mwenye homa hakuwa na habari na ugomvi wa bandari na fedha.

Na sasa, msomaji, kuna jambo ambalo Wasomali wenyewe hulisema wakiwa peke yao, na mgeni akiingia hunyamaza. Wao wana ada njema inayoitwa qaaraan: mtu akifikwa na shida, ukoo wake humchangia, hata kama wanaochanga wako Minneapolis au London. Fedha wanazotumiana zilikadiriwa kufikia dola bilioni 1.3 kwa mwaka miaka ya 2010, kupita misaada ya mataifa. Lakini qaaraan hufuata ukoo. Katika njaa ya 1992 waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa Baidoa na wakulima wa bonde la Juba, wasio na bunduki wala jamaa wenye nguvu. Nafaka yao iliporwa na Waislamu wenzao, na chakula cha msaada kikaporwa bandarini. Miongoni mwa wakulima hao wamo Wazigua, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanga karne ya 19. Baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Anayemlaumu Mwarabu kwa kuishia kwenye mpaka wa nchi yake anaweza kuulizwa na mtu wa Chogo kwa nini yeye aliishia kwenye mpaka wa ukoo wake. Silitaji hili ili kuwasamehe matajiri.

Machi 2015 vita vya Yemen vilipamba moto, na mabomu ya muungano ulioongozwa na Saudia yakaanza kuanguka San'aa na Aden. Mashua ambazo kwa miaka zilikuwa zikitoka Bosaso zimejaa Wasomali sasa zilianza kuja upande wa pili, zikishusha watu Berbera na Bosaso. Serikali za huko hazikuwa na kitu, lakini hazikufunga bandari. Wayemeni wakapanga vyumba Hargeisa na Mogadishu, wakafungua mikahawa na kupika vyakula vya kwao. Na katika mashua zile zile, wakishuka pamoja nao na mabunda yao, walikuwamo Wasomali waliokwisha kuishi Yemen miaka ishirini na zaidi kama wakimbizi, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko, ambao Somalia walikuwa hawajaiona kabisa.