Nani Alikuchagulia Kitabu?

Mwaka juzi niliandika orodha ya vitabu vipya kumi vya watoto ambavyo kila mzazi anafaa kununua. Sikuwa nimesoma hata kimoja. Mteja alinitumia shilingi 800 kwa M-Pesa, nikasoma yale maelezo ya nyuma ya jalada mtandaoni, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikamaliza kabla ya chai ya saa nne. Wengi wetu tunaoishi kwa vibarua vya kuandika tunafanya hivyo. Kama uliwahi kununua kitabu kwa sababu ya orodha ya aina hiyo, pole. Huenda ilikuwa yangu.

Jirani yangu hapa Kisian alinunua kimoja. Huyu mama anauza ngege wa kukaanga karibu na njiapanda, na bintiye wakati huo alikuwa gredi ya nne. Mtu alimtumia orodha ile kwa WhatsApp, akaona jina langu hapo chini, akafurahi: si huyu ni kijana wetu? Akaenda mjini akatoa 1,200. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu, habari za mvulana na paka wake kwenye theluji. Mtoto alisoma kurasa mbili akakiweka juu ya kabati, na huko ndiko kilikokaa.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, siku moja nikingoja samaki wangu: "Kwani mwanangu, wewe ulikisoma ukaona ni kizuri?"

Nikasema nilikisoma. Sasa nilikuwa na uongo mara mbili.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, lakini nilikuwa nimekaa kwenye darasa la historia vya kutosha kujua kwamba swali la mtu mmoja kando ya barabara linaweza kuwa na umri mkubwa. Nani huchagua hadithi ambayo mtoto wa huku ziwani ataisikia au kuisoma? Na huyo anayechagua, anaijua hadithi? Anamjua mtoto? Ama hajui chochote, kama mimi na orodha yangu?

Tuanze kabla ya karatasi. Katika boma la Wajaluo wa zamani kulikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe, walikolala watoto, hasa wasichana, wakiangaliwa na mwanamke mzee. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wanamweleza katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989. Aliitwa pim. Mara nyingi pim hakuwa mtu wa ukoo ule. Alikuwa ametoka kwingine, amemaliza umri wa kuzaa, na kazi yake ilikuwa kulea. Usiku alisimulia. Kwake watoto walijua watu wa mbali, walijua nani ni ndugu na nani anaweza kuwa mchumba, walijua kinachokatazwa na kwa nini. Hadithi ilipoisha, ilifungwa kwa maneno thu tinda, ndipo watu wakalala.

Hebu itazame kazi ya pim kwa macho ya leo. Hadithi zote alikuwa nazo kichwani. Wasikilizaji aliwajua mmoja mmoja: huyu anaogopa giza, yule ataolewa mavuno yajayo, huyu mdogo ameshasinzia. Hakuhitaji kuandika chini ya hadithi kwamba inafaa watoto wa miaka sita hadi tisa. Aliwaona.

Halafu vitabu vikaja. Kama hujawahi kufika Kisian, ni njiapanda. Ukitoka Kisumu, barabara ya kulia inapanda kwenda Maseno, Luanda na Busia. Ya kushoto inaelekea Seme, Asembo na Bondo. Ukitaka kuielewa historia ya vitabu vya huku, unapitia barabara zote mbili.

Ya kulia kwanza. Mwaka 1906 wamisionari wa Church Missionary Society, wakiongozwa na J. J. Willis, walifungua kituo Maseno, na shule ikaanza hapo. Kusoma kukaingia kwa mlango wa dini. Agano Jipya la Dholuo lilitoka 1926, Biblia nzima 1953. Kuna nyanya wengi huku ambao maishani wamemiliki vitabu viwili tu, Muma Maler na kitabu cha nyimbo za kanisani. Siwacheki, maana ndivyo vitabu vilivyowafundisha kusoma lugha yao wenyewe. Watu wa huku nao hawakukaa tu kungoja cha kusomeshwa: mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo ng'ambo ya ghuba, alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila za Wajaluo kwa Dholuo. Lakini kwa mtoto, mchaguzi alikuwa amebadilika. Mmisionari alikijua kitabu chake mstari kwa mstari. Mtoto ndiye alikuwa bado anajifunza kumjua.

Baada ya uhuru, kiti cha mmisionari kikakaliwa na silabasi, na hapo naweza kutoa ushahidi mwenyewe. The River and the Source cha Margaret Ogola kilitoka 1994, mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Commonwealth ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika, kisha kikawa kitabu cha KCSE zaidi ya mara moja. Ni hadithi ya Akoko na vizazi vilivyomfuata, na inaanzia huku huku kwetu. Nilikisoma kidato cha tatu na kalamu mkononi. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia maudhui, wahusika na mbinu za mwandishi. Kitu ambacho singekuambia ni kwamba kitabu ni kitamu, kwa sababu sikuwa nimegundua. Niligundua nilipokuwa nimeshaacha chuo, niko nyumbani bila kazi, nikakisoma siku mbili mfululizo bila mtihani mbele yangu. Silabasi inajua uko darasa gani. Haikujui wewe.

Sasa turudi Kisian, tushike kushoto.

Upande huo wa Asembo alizaliwa Grace Ogot mwaka 1930. Upande huo huo, Rarieda, alizaliwa Asenath Bole Odaga mwaka 1937. Ogot akawa muuguzi, Odaga akawa mwalimu. Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma, ilitoa vitabu vyao wote wawili: The Promised Land cha Ogot, riwaya ya watu wazima, na Jande's Ambition cha Odaga, cha vijana. Wanawake wawili wa barabara moja, mwaka mmoja, mmoja akiwaandikia wakubwa na mwingine wadogo.

Hayo tuliambiwa chuoni. Ambayo hakuna aliyeniambia ni yale waliyofanya baadaye: walileta uchapishaji nyumbani. Mwaka 1981 vitabu vya Ogot vya Dholuo, Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul, vilitoka Anyange Press, na Anyange Press ilikuwa Kisumu. Mwaka 1982 Odaga akaanzisha Lake Publishers and Enterprises, nayo Kisumu, pamoja na duka la vitabu. Duka aliliita Thu Tinda, yale maneno ya kufungia hadithi. Lake Publishers ikatoa vitabu vya ngano kama Nyamgondho mwaka 1986, na riwaya za watu wazima kama The Shade Changes na Between the Years. Katikati ya hayo, 1985, Odaga akatoa utafiti mzima kuhusu fasihi ya watoto na vijana Kenya.

Ifikirie hiyo kazi kidogo. Anayekusanya hadithi ndiye anayeiandika, ndiye anayeichapisha, na duka ni lake, katika mji ambao watoto wanaosoma ni watoto wa majirani. Baada ya miaka mingi ya vitabu kuchaguliwa mbali, ziwa lilikuwa limepata tena mtu anayeijua hadithi na anayemjua mtoto. Nami nilikulia umbali wa nauli ya matatu moja kutoka mji huo, nikasoma mpaka chuo kikuu, na jina la lile duka nikalijua nikiwa na miaka 25.

Odaga alifariki Desemba 2014. Ogot akafuata Machi 2015. Desemba ya mwaka huo akaondoka Marjorie Oludhe Macgoye, yule Mwingereza aliyekuja Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa na Mjaluo, akaandika Coming to Birth. Naye alikuwa mwandishi aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la vitabu. Watatu katika muda wa takriban mwaka mmoja.

Nisikudanganye kwamba ni vifo vilivyotufikisha hapa. Pesa nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 2013 vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Kisha 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shuleni. Kwa mzazi hiyo ni nafuu, hilo sikatai. Lakini duka la vitabu la mji wetu lilikuwa linaishi kwa mauzo ya Januari. Faida ya kitabu cha hesabu ndiyo iliyolipia ile rafu ya hadithi pale nyuma, zinazouzwa moja moja mwaka mzima. Ukiondoa kitabu cha hesabu, rafu ya hadithi inabaki haina wa kuilisha. Ndipo mtu anayetaka kumnunulia mtoto kitabu anabaki na simu yake, na kwenye simu ananipata mimi, na 800 zangu.

Nilikipata Nyamgondho cha Odaga kwa inama, zile meza za vitabu kuukuu mjini Kisumu ambapo lazima uiname ili uone. Kilikuwa kimepoteza nusu ya jalada. Shilingi 100. Safari hii nilikisoma chote kabla ya kufungua mdomo, mara ya kwanza ndani ya matatu, mara ya pili nyumbani.

Jioni moja nikaenda nacho kwa jirani. Bintiye alikuwa hapo akimenya vitunguu. Nikamsomea hadithi ya Nyamgondho kwa sauti, nikiigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokwama, Dholuo. Unaijua hadithi hiyo? Mvuvi maskini anavuta wavu, anakuta amevua mwanamke mzee. Anampeleka nyumbani, na tangu siku hiyo ng'ombe wanajaa bomani. Utajiri unamlewesha, na pombe pia, mpaka usiku mmoja anamtukana yule mzee: si mimi niliyekuokota majini? Alfajiri mwanamke anaondoka, na ng'ombe wote wanamfuata, wanaingia ziwani.

Nikafunga kitabu. Mama alikuwa anageuza samaki, hata hakuniangalia. "Nyanya yangu hakuiachia hapo," akasema. "Nyamgondho alisimama ufuoni ameegemea fimbo, akiangalia ng'ombe wakiisha. Akasimama hivyo hivyo mpaka akawa mti."

Mtoto akaacha vitunguu. "Na huyo mama mzee alikuwa ametoka wapi?"

Mamake akaanza kumweleza. Mimi sikuwa na kazi tena hapo.

Kabla sijaondoka nikamwambia ukweli: "Mama, kile kitabu cha 1,200, sikuwa nimekisoma."

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyesoma kitabu huanza kukuhadithia hata kabla hujamuuliza."

Nikamtumia 1,200 yake. Alipokea, hakujifanya kukataa.

Basi hii hapa orodha yangu nyingine. Ni fupi kwa sababu nimeweka nilivyosoma tu.

Kwa mtoto mdogo, Sulwe cha Lupita Nyong'o cha mwaka 2019. Ni hadithi ya msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao, na jina lake kwa Dholuo ni nyota. Kuna tafsiri za Kiswahili na za Dholuo, kwa hivyo muulize muuzaji kabla hujachukua ya Kiingereza. Kama mfuko umekauka, African Storybook ina hadithi za bure mtandaoni, za Kiswahili na Dholuo zikiwemo. Zisome wewe kwanza, maana si zote zina ladha sawa.

Kwa aliyemaliza shule, The River and the Source tena, safari hii bila kalamu.

Kwa mtu mzima, Things They Lost cha Okwiri Oduor, 2022. Msichana aitwaye Ayosa anamngoja mama ambaye huja na kuondoka. Usidanganyike na mhusika mtoto ukampa mtoto. Ni kitabu kizito, chenye mizimu na uchungu wa watu wazima. Mwaka huo huo ulitoka mkusanyiko wa hadithi fupi wa Troy Onyango, For What Are Butterflies Without Their Wings. Ndiye aliyeanzisha jarida la mtandaoni Lolwe mwaka 2020, akalipa jina la ziwa hili. Soma hadithi moja kwa usiku mmoja, usizimeze zote.

Na chochote chenye jina la Asenath Bole Odaga. Madukani utahangaika. Jaribu inama, na ukikikuta usikirudishe mezani kwamba utapita kesho. Kesho nitakuwa nimepita mimi.