Hull City 2019-20: Timu Iliyokuwa Nambari Nane Januari, Julai Ikashika Mkia

Kama timu yako imekuchoma roho wikendi hii, keti chini kidogo nikupe stori ya wenye walichomeka kuliko wewe. Tarehe 1 Januari 2020, Hull City walikuwa nambari nane kwa Championship, ligi ya pili Uingereza, na mashabiki wao walikuwa wanapiga hesabu za kurudi Premier League. Tarehe 22 Julai mwaka huo huo, walikuwa nambari 24. Ligi iko na timu 24. Jumlisha mwenyewe.

Hull ni nani, na inatuhusu aje?

Hull ni mji wa bandari mashariki mwa Yorkshire. Timu yao inaitwa The Tigers, jezi ni rangi ya chungwa iliyoiva na nyeusi. Kama wewe ni Gooner, unawakumbuka vizuri sana: fainali ya FA Cup Mei 2014, Hull walikuwa mbele 2-0 kabla dakika kumi ziishe. Arsenal walirudi wakashinda 3-2 kwa muda wa ziada, bao la Aaron Ramsey, na ukame wa miaka tisa ukaisha.

Kwa sisi wa hapa, Hull waliingia mtaani kupitia jezi. Kutoka 2016 walivaa jina la SportPesa kifuani. Februari 2017 kikosi cha wachezaji wa ligi yetu kilipelekwa kucheza nao huko kwao, kikalimwa 2-1. Mei 2018 nao wakakuja Kasarani kucheza na Gor Mahia. Mechi iliisha nunge kwa nunge, Hull wakashinda kwa penalti. Kwa hivyo hii si timu ya kusoma tu kwa mkeka. Kuna wasee wa K'Ogalo waliwaona kwa macho yao.

Ligi yenyewe inaenda aje?

Championship ni mechi 46, na ni safari ndefu. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja. Msimu huo, wa tatu hadi wa sita waliingia mchujo, mmoja akapanda. Watatu wa mwisho wanashushwa ngazi hadi League One. Ukiwa nambari nane Januari, macho yako yako juu. Hakuna mtu huwaza kuhusu chini.

Januari: mambo ilikuwa fiti

Kocha alikuwa Grant McCann, mgeni kwa hiyo kazi, ametoka Doncaster kiangazi cha 2019. Lakini engine ya timu ilikuwa Jarrod Bowen, winga wa mguu wa kushoto ambaye Hull walimchukua 2014 akiwa bado kijana wa Hereford. Msimu wa 2018-19 alifunga mabao 22 ya ligi. Msimu huu alikuwa tayari na 16 kabla Januari iishe. Upande ule mwingine kulikuwa na Kamil Grosicki, Mpolandi mwenye mbio na free-kick za hatari.

Tarehe 25 Januari walipatana na Chelsea kwa FA Cup. Walipoteza 2-1, lakini Grosicki alifunga na Chelsea walitoka jasho. Ungeuliza shabiki wa Hull usiku huo, angekuambia bado kuna matumaini.

Januari 31: siku engine iliuzwa

Dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa. Bowen akaenda West Ham, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 20. Siku hiyo hiyo Grosicki naye akaenda West Brom, timu ya ligi ile ile. Kwa siku moja Hull wakapoteza mabao yao na ubunifu wao.

Kesho yake, Februari 1, Brentford wakawatembelea. Tano moja. Nyumbani.

Kuwa mkweli hapa: kuuza si dhambi. Klabu ndogo huishi kwa kuuza. Ukikuza kijana na apate bei nzuri, unachukua doo, unajenga. Ngori ni kuuza wawili kwa mpigo, siku ya mwisho, wakati hakuna muda wa kutafuta wengine wa kiwango hicho. Ni kama mtu wa boda auze engine ya pikipiki Ijumaa jioni, halafu Jumamosi asubuhi ashangae mbona wateja wanapita.

Korona, halafu mikataba

Ligi ilisimama Machi kwa sababu ya korona. Hapo Hull walikuwa wameanza kuteleza vibaya: Leeds walikuwa wamewachapa 4-0, Stoke 5-1. Mapumziko yangewasaidia kupumua, lakini yalileta shida mpya. Msimu ulirudi Juni 20, viwanja vitupu, na mikataba mingi ilikuwa inaisha Juni 30. Kawaida hiyo tarehe ligi huwa imeisha kitambo. Mwaka huo ilikuwa bado.

Nahodha Eric Lichaj akaondoka. Jackson Irvine akaondoka. Stephen Kingsley akaondoka. Mechi zilikuwa zimebaki saba. Manze, hebu fikiria hiyo: unapigania uhai wako, na nahodha amebeba begi ameenda, na sheria iko upande wake.

Nane kwa nunge

Julai 2 waliwashinda Middlesbrough 2-1, bao la Mallik Wilks la mwisho mwisho. Hiyo ndiyo mechi pekee walishinda kati ya 20 za mwisho. Halafu wakaenda West Brom, wakalimwa 4-2, na mmoja wa waliowafunga ni Grosicki mwenyewe.

Julai 14 ikawa ya Wigan. Half-time ilikuwa 7-0. Full-time 8-0. Kieran Dowell alifunga hat-trick. Na usisahau, Wigan wenyewe walikuwa kwa msoto: klabu ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi wiki mbili tu kabla, na pointi 12 zilikuwa njiani kukatwa. Hao ndio walifunga nane.

Siku nne baadaye Luton wakaja wakashinda 1-0. Julai 22, Cardiff wakamaliza kazi 3-0. Kwaheri Championship.

Msimu kwa ufupi

- Januari 1: nambari 8
- Mechi 20 za mwisho: ushindi 1, sare 3, vichapo 16
- Pointi za mwisho: 45
- Nafasi: 24 kati ya 24
- Walioshuka pamoja nao: Wigan (baada ya kukatwa pointi) na Charlton

Nani wa kulaumiwa?

Wengi walimrukia McCann, na ukweli ni kwamba timu yake ilikosa mpango. Lakini mashabiki walikuwa na kesi ya zamani na wenye klabu, familia ya Allam. Assem Allam aliinunua 2010 ikiwa na madeni mengi, akaiokoa, timu ikafika hadi fainali ya FA Cup. Kisha akataka kubadilisha jina liwe Hull Tigers. Mashabiki wakakataa, FA nayo ikakataa 2014. Kutoka hapo mapenzi yakaisha, klabu ikakaa sokoni miaka mingi. Nyumba ikiwa na bango la "inauzwa" kila siku, hakuna mtu hurekebisha paa.

Ndio maana nasema Hull hawakushuka Julai. Julai ilikuwa tu karatasi ya matokeo. Walishuka Januari 31, saa zile simu zilikuwa zinalia.

Walirudi?

Eeh. Klabu ilimwachia McCann kazi, jambo ambalo wachache walitarajia, na 2020-21 akaishinda League One akiwa kileleni na pointi 89. Januari 2022 Acun Ilıcalı wa Uturuki akanunua klabu, na siku chache baadaye McCann akaonyeshwa mlango. Hiyo ndiyo shukrani ya kazi ya ukocha.

Na Bowen? Juni 7, 2023, fainali ya Europa Conference League pale Prague, dakika ya 90 dhidi ya Fiorentina, alikimbia peke yake akamaliza. West Ham 2-1, kombe likaenda London. Pengine uliiruka juu ya kiti bila kujua yule jamaa alitoka wapi. Sasa unajua, na unajua pia nani walikuwa wanaitazama hiyo mechi huku wakihesabu pauni zao.

Kwa hivyo dirisha likifunguka tena na timu yako ianze kuuza, usiangalie bei pekee. Uliza swali moja: kesho yake nani atafunga?