Ni Nani Aliyeunda Tarumbeta la Kinanda Chetu?

Ukitoka Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara iendayo Songea, ukashika njia ya Njombe, unaingia katika nchi ya Wabena, nchi ya baridi, ya mahindi na ya kwaya. Huko ndiko iliko Kidugala, kituo cha kale cha wamisionari wa Berlin waliofika Ubena mwishoni mwa karne ya 19, na ambacho hadi leo kina seminari ya Kanisa la Kilutheri. Leo nataka tuzungumze juu ya sauti moja tu, inayosikika makanisani kuanzia huko hadi Kariakoo: sauti ya tarumbeta inayotoka ndani ya kinanda cha umeme.

Mpiga kinanda hubonyeza namba, tarumbeta likalia. Hubonyeza namba nyingine, zikalia nyuzi. Sauti zile hakuziunda yeye. Ziliundwa na mafundi wa kiwandani, mara nyingi huko Japani, nasi tumezinunua zikiwa zimekwisha kupikwa, wala hatuulizi chunguni kulitiwa nini.

Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma ya mganda ilienea katika nchi za Ziwa Nyasa. Vijana walikuwa wamezisikia bendi za majeshi ya wakoloni, lakini matarumbeta ya shaba hawakuwa nayo. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Utando ukitetemeka, sauti ya mtu hukwaruza na kunguruma kama shaba. Huo, msikilizaji, ndio uundaji wa sauti hasa: unaanza na sauti moja, unaipitisha katika kitu kinachoibadili, hata inakuwa sauti nyingine. Ada haikulipwa. Mdogo alimtazama mkubwa, naye akatafuta kibuyu chake.

Sasa tuvuke bahari, maana huko nako tarumbeta liliwasumbua watu. Katikati ya miaka ya 1960, Mfaransa Jean-Claude Risset alikuwa Marekani, katika maabara za Bell, akilichunguza kwa kompyuta. Akaona kwamba tarumbeta likipulizwa kwa nguvu zaidi haliongezi ukubwa wa sauti tu. Huongeza na ukali wake. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Chowning akapata njia nyepesi ya kuunda sauti za namna hiyo. Mwimbaji akiitikisa sauti yake mara 5 au 6 kwa sekunde, sisi tunasikia mtikisiko. Chowning aliitikisa sauti ya kompyuta, sauti tupu kama mluzi, mara mamia kwa sekunde. Sikio likaacha kusikia mtikisiko, likasikia rangi mpya ya sauti.

Mwaka 1973 aliichapisha njia hiyo yote, pamoja na vipimo vya kuunda sauti za jamii ya tarumbeta, za jamii ya zumari, na za kengele. Yeyote aliyelipata jarida aliweza kujifunza. Haki ya kuuza ndiyo iliyokuwa na mwenyewe: Stanford iliikodisha kwa kampuni ya Yamaha, na hataza ile iliingizia chuo zaidi ya dola milioni 20 kabla ya kumalizika katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa sintesaiza iitwayo DX7. Chombo kilikuwa na kidirisha kidogo na vibonyezo vingi, na kukipangia sauti mpya kulikuwa kazi ngumu, hata wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani waliridhika na sauti za kiwandani. Nao walibonyeza namba, kama sisi.

Tangu hapo milango imefunguka mmoja baada ya mwingine. Csound, programu ya kuunda sauti, ilitoka mwaka 1986 kutoka chuo cha MIT, ikagawiwa bila malipo. Mwaka 1996 Miller Puckette alitoa Pure Data, nayo bure. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2004 Mwingereza Gordon Reid aliandika katika gazeti la Sound on Sound mfululizo mrefu wa masomo ya sintesaiza, ambao baadaye uliwekwa kwenye intaneti kwa kila mtu. Ipo pia Dexed, programu ya bure inayoiga DX7 yenyewe, na Surge, iliyokuwa ya kuuzwa hadi mwaka 2018 mwenyewe alipoifungua kwa umma.

Hapa Dar es Salaam, vijana wa singeli huko Mburahati, katika studio ya Sisso, walitengeneza kwa kompyuta muziki uliotolewa Uganda mwaka 2017 kwenye santuri na sasa unachezwa Ulaya. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mambo haya si ya kwetu.

Lakini neno bure nalo lina bei yake. Kuna bando, kuna umeme, na kuna Kiingereza. Mwanafunzi wa seminari anaweza kulimudi somo la Reid akiwa na kamusi. Mpiga kinanda wa kwaya aliyeishia darasa la saba, ambaye huenda sikio lake ni kali kuliko la mwalimu wake, atasimama kwenye aya ya kwanza. Wamisionari, pamoja na lawama zote tunazowapa, hawakungoja Wabena wajue Kijerumani ndipo wawafundishe kuimba. Mitetemo, mawimbi, chujio, mpando na mshuko wa sauti: maneno tunayo, waandishi wa masomo ndio wachache.

Mwenye kompyuta hata ya mtumba aanze na Dexed, na aanze na tarumbeta. Achukue mawimbi mawili tu, moja la kusikika na jingine la kulitikisa, yote mawili kwa kasi moja. Sauti ianze haraka, lakini isianze ghafla kama kengele. Kisha nguvu ya mtikisiko ipande na kushuka pamoja na ukubwa wa sauti, kama Risset alivyoona. Ikikwaruza mno, apunguze mtikisiko. Ikibaki mluzi, aongeze.