Sabasaba: siku TANU ilipozaliwa

Siku chache kwenye kalenda yetu hazihitaji kutajiwa mwezi. Ukisema Sabasaba, kijana wa Temeke anajua ni lini, na mzee wa Tabora anakumbuka kwa nini.

Ilikuwa tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam. Watu 17 walikutana katika ofisi ya chama cha TAA (Tanganyika African Association), New Street, leo Mtaa wa Lumumba, wakakifanya chama hicho cha tangu 1929 kuwa TANU, chama cha kudai uhuru waziwazi. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa na miaka 32 na bado akifundisha Pugu. Machi 1955 akaacha ualimu.

Habari za TANU husimuliwa mno kama habari za mtu mmoja, na hiyo si haki. Mtazame Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, hakuanzia ofisini; aliwaendea wenzake wa ngoma na lelemama, wanawake waliokwishazoea kuchangishana, kuitana na kutunziana siri. Walimwitikia wengi, wakakata kadi, wakachangia fedha. Mimi naamini chama kisingefika mbali bila wao.

Uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Tanganyika ikawa huru tarehe 9 Desemba 1961, na kijani na nyeusi za bendera ya chama zikaingia kwenye bendera ya nchi.

Jina la TANU lilikoma tarehe 5 Februari 1977, ilipoungana na ASP, chama cha Zanzibar, kuwa CCM. Tarehe yenyewe ilikuwa ya ASP, iliyozaliwa siku kama hiyo mwaka 1957. Sabasaba haikuondoka. Ndiyo siku kuu ya maonesho ya biashara, pale Barabara ya Kilwa. Mwaka 1990 Wakenya waliichagua kukutana Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Mwaka 2000 siku hiyohiyo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika. Na Novemba 2021 UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu aliyewahi kushika kadi ya TANU, kaa naye Sabasaba hii, umwombe akusimulie aliikata wapi na nani alimshawishi.